Ekzosi za Kwenda Sumbawa

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Kang Warsun, yaani Kaka Warsun, hufagia vumbi la chuma kutoka kwenye karakana yake mpaka katikati ya uchochoro, na hapo huacha. Hapiti hata upana wa kidole. Katikati hiyo haina alama, si chaki wala kokoto, lakini yeye anaijua, na mdogo wake Rasikun, mwenye karakana ya ng'ambo, anaijua pia. Nusu saa baadaye Rasikun hutoka na ufagio wake na kulirudisha vumbi lilikotoka. Warsun humngoja amalize, kisha huuambia mtaro wa maji machafu: "Kuna mbwa hapa anafukuafukua."

Rasikun naye huuambia mtaro uleule: "Kuna mzee hapa hajafa bado."

Wana miaka tisa hawajasemeshana ana kwa ana. Husema na mtaro, na paka, na mabati yaliyoegemezwa ukutani, na mwenzake akiwa hatua sita tu husikia kila neno. Sisi majirani tumezoea. Hapa Purbalingga, kisiwani Java, uchochoro wetu wote ni wa mafundi wa ekzosi za pikipiki, na mtu akitaka kutukanwa vizuri hana haja ya kwenda mbali.

Warsun ana miaka sitini na miwili. Baba yao alikuwa mfua sufuria, na sufuria za kiwandani zilipojaa sokoni, Warsun akachukua nyundo zilezile akaanza kukunja mabati kuwa mabomba ya moshi. Baba alipokufa, Rasikun alikuwa mtoto bado. Warsun ndiye aliyemlea, akamfundisha kuchomelea, na kila alipokuta tundu kwenye mshono alimpiga kwa mpini wa nyundo. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto cha Rasikun mpaka leo kimepinda. Warsun akiulizwa habari za kidole hicho husema, "Mishono yake haivuji, au inavuja?"

Rasikun aliondoka miaka tisa iliyopita, wiki moja baada ya Idi, akabeba kalibu ya mbao ya kukunjia mabomba, akafungua karakana ng'ambo ya uchochoro. Warsun anasema kalibu iliibwa. Rasikun anasema aliichonga kwa mikono yake. Nimesikia ushahidi wa pande zote mbili mara nyingi, na naamini wote wawili wanasema kweli kadiri wanavyoikumbuka.

Ekzosi za Rasikun zinang'aa. Kila moja huipigilia kibati chekundu chenye jina Zorvani. Wateja wa mbali hudhani ni jina la Kitaliano. Rasikun hajawahi kusema kwamba ni la Kitaliano, wala hajawahi kusema kwamba si la Kitaliano. Warsun yeye hapigilii kitu. "Natengeneza bomba la moshi," husema, "sitengenezi kadi ya harusi." Kwa neno hilo alipata sifa. Kinyozi wetu, ambaye hamsifu mtu bure, alikuwa akisema, "Mzee yule mkali kama pilipili, lakini hauzi jina la uongo." Mimi pia niliamini hivyo, tangu nikiwa shuleni.

Sifa hiyo haikumletea kazi. Tangu Idi ya mwaka huu alikuwa na kazi za kuziba matundu tu. Mafundi wake wawili, Tugi na Kusmadi, walikaa mlangoni wakichezea simu. Wote tulijua kwamba Rasikun alikuwa amewaambia nafasi zao ng'ambo ziko wazi, waje Jumatatu yoyote wakitaka. Warsun naye alijua. Mkewe, Kasini, anayekaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, mlangoni na kuwauzia watu wa pande zote mbili bila ubaguzi, alimwambia waziwazi huku akigeuza vipande kwenye mafuta: "Usipopata kazi kubwa mwezi huu, hawa vijana wanavuka. Na peke yako, kwa mgongo huo, utafunga."

Kazi kubwa ikaja yenyewe, siku ya Alhamisi, juu ya pikipiki kubwa ya safari yenye kioo cha upepo mbele na maboksi matatu nyuma. Mwenye pikipiki alikuwa Pak Sobandi, yaani Bwana Sobandi, mstaafu kutoka Cirebon, mkuu wa klabu ya waendesha pikipiki. Nyuma yake alikaa mkewe, Bu Nunung. Klabu yao ilikuwa na mapikipiki kumi na moja ya aina moja, na mwezi uliofuata wangekwenda mpaka kisiwa cha Sumbawa, siku ishirini kwenda na kurudi. Walitaka ekzosi za aina moja, ili msafara uwe na sauti moja. Pak Sobandi ndiye angechagua, na alichochagua yeye kingefungwa kwenye mapikipiki yote kumi na moja.

Kwetu ekzosi huchaguliwa hivi. Pikipiki husimamishwa kwa stendi ya kati. Maboksi huondolewa yakawekwa kando ili bomba lionekane. Mtu mmoja hupiga resi, mnunuzi huchuchumaa nyuma, na uchochoro mzima husimama umekunja mikono. Ikishangiliwa, imeuzika.

Wakaanza na ya Rasikun. Ilikuwa imepanda juu, imebana kwenye mkia wa pikipiki, nayo ilitoa mlio mkavu uliofanya kuku wa nyumba ya pili waruke ukuta.

"Hiyo sasa!" watu wakapiga kelele. "Hiyo ndiyo Sumbawa!"

Kisha ikafungwa ya Warsun. Ilikaa chini, ndefu, ya rangi ya kijivu, mdomo wake umeinama kuelekea ardhini. Resi ikapigwa. Ikavuma.

"Ina mafua!" mtu akasema.

"Nyati kashiba huyo," akasema mwingine.

Pak Sobandi akainuka akicheka. "Kang, mbona yako inanong'ona? Ina siri gani?"

Warsun alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Unanunua ekzosi au unanunua tarumbeta?"

"Nanunua kitu ambacho nikipita watu wanageuka."

"Basi vua suruali upite sokoni. Watageuka, na hutachoma mafuta."

Watu walicheka mpaka Kasini akaacha mwiko. Pak Sobandi hakucheka. Masikio yake yaliiva. "Mzee, kumbe wateja unawafukuza kwa mdomo."

"Huwa nawafukuza kwa mguu. Leo naumwa goti."

Pale ingekuwa imekwisha. Rasikun alikuwa tayari anamwambia paka, "Wengine hawajui hata kuuza, Mungu awasaidie," na Tugi alikuwa ameinama anatazama viatu vyake. Lakini Bu Nunung, aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti anakula tempe, akapangusa vidole na kuuliza, "Samahani. Tukiwa safarini, pale nyuma anakaa nani?"

"Wewe, mama," akasema mumewe.

"Na maboksi yanakaa wapi?"

"Si hapo pembeni."

"Basi mbona mnachagua mimi nikiwa sipo na maboksi yakiwa hayapo?"

Nimekulia katika uchochoro huu na sijawahi kusikia mtu akiuliza hivyo. Warsun alimtazama yule mama kama mtu anayeona kivuli cha mti kiangazi. Halafu akamgeukia paka: "Kumbe Cirebon kuna mtu mmoja mwenye kichwa."

"Paka wako namsikia," akasema Pak Sobandi.

Warsun alikuwa na sababu ya kulijua jambo hilo. Miaka thelathini na kitu iliyopita, akiwa bado bwana harusi, alijitengenezea ekzosi yenye mlio wa kutisha akampakia Kasini waende Surabaya kwa mjomba. Walipofika Solo, Kasini alishuka, akatapika, akaenda kituo cha basi, akarudi nyumbani peke yake. Kasini husimulia kisa hiki kwa wateja wa tempe mpaka leo. Warsun hakisimulii. Lakini tangu siku hiyo hutoboa bomba la ndani kwa matundu madogo, safu kwa safu, na hulipitisha katika vyumba vitatu ili kelele na joto vifie humo kabla moshi haujatoka, na hakuna amlipaye kwa vyumba hivyo, kwa sababu havionekani.

Wakakubaliana kwa ugomvi. Jumamosi Pak Sobandi na mkewe wangekwenda Pemalang na kurudi kwa ekzosi ya Rasikun, maboksi yamefungwa na kujazwa. Jumapili wangekwenda barabara ileile kwa ekzosi ya Warsun.

Jumamosi walirudi saa saba mchana. Bu Nunung alishuka, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la maji la Kasini, akamwagia maji mguu wa kulia. Shavu la mguu lilikuwa jekundu. Boksi la upande huo lilikuwa limelainika pembe ya chini kama mshumaa, na koti la mvua lililokuwa ndani lilitoka na kipande cha boksi.

"Tangu tulipopita Belik sijasikia hata jina langu," akasema. "Kichwa kimejaa nyuki."

"Sauti lakini nzuri," akasema mumewe.

"Nzuri kwako. Wewe unaiacha nyuma, mimi naikalia."

Rasikun alikuja mbio na mkanda wa kupimia. "Bu, hilo dogo. Nitaweka kinga ya joto hapa na hapa."

Warsun akauambia mtaro, "Kinga ya joto. Na nyuki awawekee mzinga."

Jumapili Warsun hakumruhusu fundi yeyote aguse. Alifunga ekzosi yake mwenyewe, maboksi yakiwa mahali pake. Kisha akamwomba Bu Nunung apande, akaingiza vidole vinne kati ya bomba na mguu wake bila kumgusa, akapima, akalegeza bolti, akashusha kidogo, akapima tena. Pak Sobandi alipojaribu kutoa maoni aliambiwa, "Wewe kazi yako ni kushika usukani."

Waliondoka saa mbili. Asubuhi ile Warsun hakufanya kazi. Alikaa kwenye kigoda, mgongo umeelekea uchochoro, akipanga misumari kwa ukubwa. Tugi alimpelekea chai mara mbili na mara mbili aliikuta imepoa.

Walirudi saa saba na robo. Bu Nunung alivua kofia akajinyoosha.

"Mzee, ina ubaya mmoja," akasema. "Nimemsikia mume wangu njia nzima."

Uchochoro ulicheka, hata mafundi wa Rasikun. Pak Sobandi aliinama akashika boksi kwa kiganja, akakiacha hapo muda mrefu. Nadhani alitaka liwe la moto. Kisha akainuka. "Sipendi mdomo wako," alimwambia Warsun. "Lakini ekzosi ni hii. Zote kumi na moja."

Tugi alimpiga Kusmadi mgongoni. Kasini alipunguza moto. Warsun akasema, "Siku kumi," na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza na mteja bila kumuumiza.

"Lakini kuna jambo," akasema Pak Sobandi.

Jambo lenyewe lilikuwa fulana. Wale wanachama kumi kule Cirebon walikuwa wameona picha ya ekzosi ya Rasikun tangu Alhamisi, iking'aa na kibati chake chekundu. Wakafurahi, na kwa haraka yao wakachapisha fulana nyekundu za safari: mbele jina la klabu, mgongoni ramani ya kutoka Cirebon hadi Sumbawa, na chini ya ramani, kwa herufi kubwa, ZORVANI. Fulana zilikuwa zimeshalipiwa. Pak Sobandi hakuweza kurudi kwa watu wazima kumi waliovaa jina hilo na kuwafungia bomba la kijivu lisilo na kitu.

"Kwa hiyo bomba lako," akasema, "kibati cha huyu wa ng'ambo. Unakipigilia ubavuni, basi. Nani atajua?"

Kabla Warsun hajajibu, Rasikun alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na kopo la biskuti. Akavuka katikati ya uchochoro. Nasema akavuka, kwa sababu hakuwa amekanyaga upande ule kwa miaka tisa. Akasimama mbele ya kaka yake na kumsemesha yeye, si mtaro.

"Kaka, chukua. Vipo kumi na moja, nakupa bure. Ribiti nne kila kimoja, hutachelewa." Akatabasamu. "Angalau Zorvani iwe nzuri mara moja."

Mpaka leo majirani wanabishana kama maneno yale yalikuwa matusi au yalikuwa kuomba radhi. Mimi nilisimama karibu, nikauona uso wake, na sijui.

Warsun alipokea kopo. Akalifungua, akatoa kibati kimoja, akakisoma polepole herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Akakirudisha. Akafunga kopo, akaliweka chini katikati ya uchochoro, akamwambia Pak Sobandi, "Leta pikipiki hapa nifungue ekzosi yangu."

"Mzee!" Tugi akaruka. "Mzee, ni kibati tu! Nipe mimi nikipigilie, wewe usitazame."

"Wewe nyamaza. Jumatatu yako imeshapangwa."

Tugi alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Warsun," Kasini akaita kutoka kwenye karai lake, "usiwe mwehu. Kumi na moja!"

"Kaanga tempe."

Bu Nunung alimsogelea, kofia ingali mkononi. Alisema kwa upole, na hilo lilikuwa gumu kulisikiliza. "Mzee wangu, siku ishirini. Mimi ndiye nitakayekaa pale. Fanya kwa ajili yangu."

Warsun hakumtazama. "Mwambie aliyechapa fulana."

"Hilo ndilo neno lako la mwisho?" akauliza Pak Sobandi.

"La mwisho nimeshalisema. Hili ni la nyongeza: ukishapata pikipiki yako, toka upande wangu."

Akachuchumaa akaanza kulegeza bolti. Bomba lilikuwa limetoka Pemalang wakati uleule. Lilikuwa la moto na yeye hakuvaa glavu. Tulisikia ngozi ikiungua. Hakuna aliyesogea kumsaidia, na nadhani angempiga ambaye angesogea. Alipomaliza alilibeba kwa kitambaa, akaingia ndani, akavuta mlango wa bati.

Rasikun aliokota kopo lake, akalitikisa, akarudi ng'ambo. "Kinga za joto nitaweka za chuma cha pua, Pak," alisema. Tabasamu lilikuwa bado pale, lakini lilikuwa limepauka.

Jumatatu Tugi na Kusmadi walivuka, kila mmoja na ngao yake ya kuchomelea kwapani. Walikuwa hatua sita tu na walizitembea kama watu wanaovuka mto. Warsun alimwambia paka, "Chai itatosha sasa."

Kwa siku kadhaa uchochoro ulimsema vizuri. Waliomcheka Alhamisi walimpa heshima. Kinyozi alikieleza kila kichwa kilichoketi kwenye kiti chake kwamba mzee alikataa mapikipiki kumi na moja kuliko kupigilia jina la uongo kwenye kazi ya mikono yake. "Watu wa namna hiyo hawazaliwi tena," alisema. Mwalimu mmoja aliyekuwa ananyolewa aliomba jina lake kamili, akaliandika.

Baada ya siku kumi na mbili klabu ilikuja, wote na fulana nyekundu. Wakafungiwa Zorvani kumi na moja zenye kinga za joto, wakapiga resi kwa pamoja mpaka vioo vya dirisha letu vikalia, wakaondoka kuelekea mashariki. Bu Nunung alikuwa na pamba masikioni na kitambaa kizito kimezungushiwa mguu wa kulia. Alipopita mbele ya karakana ya Warsun aliinamisha kichwa kumsalimu. Warsun alikuwa mlangoni. Hakumwitikia.

Wiki iliyofuata mama alinituma nipeleke bawaba ya geti ikachomelewe. Warsun alikuwa peke yake. Nusu ya karakana alikuwa ameifunika kwa turubai, na mwenye duka la matairi alikuwa ameshakuja mara mbili kuuliza kama anaikodisha. Kiganja chake kilikuwa na bendeji nyeusi kwa masizi. Ekzosi ya Pemalang ilikuwa sakafuni nyuma ya mlango, ameitumia kuzuia bati lisipepee.

Alichukua bawaba bila kuuliza ni ya nani. Nilisimama pale na maneno ya kinyozi kichwani. Nilikuwa nimekuja nikitaka kumwambia kwamba namheshimu, na nikashindwa, kama ninavyoshindwa kwa kawaida kuwaambia watu mambo. Badala yake nikauliza swali.

"Kang, kibati kile kingekuwa cha mtu mwingine, siyo cha Rasikun, ungekipigilia?"

Alimaliza mshono. Akainua ngao, akaugonga kwa nyundo mara moja, akautazama kama una tundu.

"Ningekipigilia," akasema.